Munyu wa majivu kwa mgonjwa wa figo: ni afadhali kuliko chumvi ya duka?

Mlezi_Kakamega: Habari zenu. Mama husafishwa damu Kisumu mara mbili kwa wiki. Katikati anaongeza kilo 4, miguu inavimba, na usiku anajikuna hadi anatoka damu. Mkojo ni kama mililita 300 kwa siku. Chumvi ya duka tuliacha, mrenda tunaupika kwa munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe. Tunakosea wapi?

Nesi_wa_Figo: Pole, dada. Huo munyu uacheni leo. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu, nayo ndiyo inayochujika na maji hadi chunguni. Mrenda nao haumwagwi maji, basi mgonjwa anaimeza yote. Ikipanda kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Magadi si nafuu, ni sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi ya duka. Hata zile chumvi za "sodiamu kidogo", soma nyuma ya pakiti: nyingi zina kloridi ya potasiamu. Tumieni ndimu, kitunguu saumu na dania.

Kilo 4 hizo ni takriban lita 4 za maji. Kadirio la kawaida ni mkojo wa saa 24 ukiongeza mililita 500, kwake 800, isipokuwa daktari wake ameagiza vingine. Jazeni chupa hadi 800 asubuhi. Akinywa kikombe cha chai, uji au supu, mwageni kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikikauka, basi.

Mpishi_Nyalenda: Huko kujikuna huenda kunachangiwa na fosfeti, madini yaliyojaa kwenye mifupa, na omena (dagaa) inaliwa na mifupa yake! Mpe mnofu wa ngege (tilapia). Protini asinyimwe, mashine huipunguza. Kama ameandikiwa kalsiamu kaboneti, aitafune pamoja na chakula. Akiimeza tumbo tupu haishiki fosfeti ya mlo. Tembe za ayoni (madini ya chuma) zikae mbali nayo. Aoge maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta yasiyo na manukato ngozi ingali na unyevu.

Nesi_wa_Figo: Naongeza: viazi mmenye, mkate vipande vidogo, mchemshe kwa maji mengi, mwageni, kisha maji mapya hadi viive. Kuloweka tu usiku kucha hakusaidii sana. Majani ya kunde vilevile, chemsha, kamua, ndipo ukaange. Maumivu ni parasetamoli, si diklofenaki wala ibuprofeni.

Miguu ikilegea au moyo ukirukaruka, msingoje siku ya mashine. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, mwombe apimwe moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na potasiamu kwenye damu.