Hedifoni za waya za kusikilizia dansi kwenye daladala

Wakuu, kila siku natoka Mbagala kwenda Kariakoo, na mimi ni mtu wa dansi la zamani. Hizi nilizonunua sh. 8,000 gitaa la besi silisikii kabisa, na ya kushoto inachomoka kila daladala ikiruka tuta. Nina 30,000, tundu la simu ni milimita 3.5. Nichukue zipi?

Jibu: Kabla hujatoa hela, badilisha vimpira. Kimpira kisipoziba sikio vizuri, besi ndiyo inapotea kwanza. Mimi kushoto navaa kikubwa, kulia cha kati.

Jibu: Na waya upitishe nyuma ya sikio, hautavutika.

Muulizaji: Nimeweka vikubwa. Leo besi nimeisikia toka Rangi Tatu mpaka nashuka, tena sauti iko nusu tu. Asanteni sana wakuu.