Rejeta ya Hiace: kuchokoa, mtumba au aluminiamu mpya?

Teksi14: Hiace ya dizeli, injini 5L, njia ya Kampala–Kabale. Kwenye jamu imetulia, ikikamata vilima inachemsha. Rejeta ni ya shaba, ya siku nyingi. Niichokoe, nitafute mtumba Kisekka (soko la vipuri Kampala), au niweke mpya ya aluminiamu?

FundiNdeeba: Gari linalochemsha kwenye jamu na kupoa likikimbia, shuku feni. La mlimani, kama lako, mara nyingi mirija imeziba. Zima injini ikiwa moto, papasa uso wa rejeta: penye ubaridi maji hayapiti. Shaba inachokoleka vizuri: matanki yanafunguliwa kwa moto, waya bapa unapitishwa mrija kwa mrija, kisha yanarudishiwa solda. Ila mapezi (vibati vyembamba kati ya mirija) yakipukutika ukiyagusa kwa kidole, achana nayo. Hata mirija iking'aa, joto halitatoka.

SpeaKisekka: Mtumba usinunue kwa macho. Idai izamishwe majini na kujazwa upepo wa 1.1 bar, mapovu yatakuonyesha pa kuvuja. Tanki la plastiki lililogeuka kahawia limeshakauka, litapasuka. Linganisha unene na mahali pa hozi. Ya gari la otomatiki, yenye bomba mbili za mafuta ya giaboksi, inakubali gari la manyuo (gia za mkono). Kinyume chake hapana.

Kilima_Kabale: Kabla ya kununua chochote, ssebo, badilisha mfuniko wa rejeta. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 96; Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 93 tu. Mfuniko mzima wa 0.9 bar unasogeza kuchemka hadi kama 115. Raba ikikatika, tofauti hiyo yote imekwenda, na rejeta inalaumiwa bure.

Teksi14: Na thamostati (vali inayofungulia maji yakipata moto)? Fundi mmoja anasema niitoe kabisa.

FundiNdeeba: Usiitoe! Injini itakosa joto lake la kazi, dizeli itateketea vibaya. Ichemshe sufuriani: iliyoandikwa 82 lazima ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, umempata mchawi wako.

SpeaKisekka: Ukienda kwenye aluminiamu, waambie waoshaji wasitumie kostiki (soda kali ya kusafishia). Inaila aluminiamu yenyewe.

Kilima_Kabale: Na maji ya kisima yasiingie, yanaacha chokaa. Kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu, maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu. Usichanganye aina mbili kwa kuamini rangi. Rangi haina kanuni.

Teksi14: Basi mfuniko, thamostati, kisha kuchokoa. Mapezi bado ni magumu.

FundiNdeeba: Sawa. Wakati wa kujaza, injini iko chini ya kiti na hozi ni ndefu, hewa inanasa. Elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita mpaka mwisho, washa injini ikiwa baridi na mfuniko wazi, ongeza maji taratibu. Mapovu yasipokoma hata hozi ya juu ikishapata moto, simamisha kazi ya rejeta: gasketi ya hedi inapitisha moshi wa injini kwenye maji.