Andromeda wa Titian: binti wa Ethiopia amekuwaje mweupe?

Mkuki: Wakuu, tazameni "Perseus na Andromeda" ya Titian, mchoraji wa Venice, iko Wallace Collection, jumba la makumbusho London. Alimchorea Philip II wa Hispania, miaka ya 1554 hadi 1556. Binti kafungwa minyororo mwambani, zimwi la bahari linamjia, shujaa Perseus anashuka toka angani kichwa chini kumwokoa. Huyo Andromeda, kwenye hadithi ya Wagiriki, ni binti wa mfalme wa Ethiopia, na kachorwa mweupe pe! Huu ni wizi. Anayebisha hajui kusoma picha.

Zuhura_P: Nabisha, na picha najua kuzisoma. Titian alimfuata Ovid, mshairi wa Roma. Kwenye shairi lake Metamorphoses, Perseus anamdhania binti ni sanamu ya marumaru, mpaka anapoona upepo ukipeperusha nywele na machozi yakimtoka. Mchoraji kachora alichosoma.

Mkuki: Dada, hapo marumaru ni kule kutulia kwake. Ovid huyohuyo ana barua aliyoiandika kwa sauti ya Sappho, mshairi wa kike wa Ugiriki, anasema Andromeda alikuwa na weusi wa nchi yake na Perseus akampenda. Hiyo umeiruka kwa nini?

Nuru wa Ilala: Titian alichora pia "Diana na Actaeon", mfululizo uleule, mfalme yuleyule. Mle mwanamke mweusi yumo, pembeni mwa Diana, mungu wa kike wa Warumi, kapewa ujakazi. Kwa hiyo kumchora mtu mweusi aliweza.

Mwalimu T: Vijana, Ethiopia ya Wagiriki siyo ya Addis Ababa. Wako walioiweka hadithi hii Yafa, bandari ya Israel ya leo, kule Yona alikopandia meli. Pliny, mwandishi wa Roma, ameandika kwamba Scaurus, kiongozi wa Kirumi, alipeleka Roma mifupa ya zimwi hilo kutoka Yafa, urefu futi 40.

Mkuki: "Siyo ya Addis Ababa"! Kila tukidai chetu mnatuhamishia ramani. Misri nayo mlishaitoa Afrika.

Mwalimu T: Nani kaitoa? Misri sijaitaja popote. Nisome kwanza, kijana.

Zuhura_P: Mwalimu, mifupa ya futi 40 si nyangumi tu huyo? Halafu Heliodorus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, ana hadithi ya malkia wa Ethiopia, huko Meroe, mweusi, aliyezaa mtoto mweupe kwa sababu alikuwa akiitazama picha ya Andromeda chumbani. Andromeda mweupe ni wa zamani sana kuliko Titian.

Mkuki: Meroe iko Sudan, dada. Sudan ni Afrika. Umenipa ushindi.

Zuhura_P: Ushindi gani? Mweupe ukutani yupo palepale!

Kibwana: Mnasahau Cleopatra, malkia wa Misri. Naye walimgeuza Mzungu.

Mwalimu T: Cleopatra ni ukoo wa Ptolemy, Wamakedonia. Usimwingize hapa.

Kibwana: Na mama yake je? Mlete tumjue.

Mkuki: Ndiyo hapo sasa. Mwalimu, jibu la mama.