Naomba ushauri: erhu inamezwa na saksafoni, onyesho ni Ijumaa

Fidla_Ugenini: Wakuu, heshima zenu. Niko masomoni Shanghai, mwaka wa tatu. Nyumbani Unguja nilikuwa napiga fidla kwenye taarab. Tuna bendi ya watu sita: saksafoni, besi, ngoma, kinanda, guzheng (ala ya Kichina ya nyuzi nyingi, hulazwa na kudonolewa) na erhu (fidla ya Kichina). Tunachanganya nyimbo za zamani za Kichina na jazi. Ngoma na saksafoni zikianza, erhu haisikiki kabisa. Usingizi sipati. Nifanyeje?

MzeeWaBesi: Mkuu, shida ni mpangilio. Wapiga saksafoni wanapenda wimbo ukae kwenye noti ya “si bemoli” au “mi bemoli”. Erhu ina nyuzi mbili tu, re na la, kwa hiyo hamishieni wimbo kwenye re, saksafoni ndiyo ihangaike. Guzheng nayo ina nyuzi 21 zilizofungwa kwa sauti tano. Sauti za katikati mpigaji anazipata kwa kukandamiza uzi kwa mkono wa kushoto. Mkimbadilishia kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za jazi kila mapigo mawili mnamuonea. Tulieni kwenye kodi moja, aachiwe nafasi. Ngoma zipigwe kwa brashi.

MpendaSahani: Hapo Shanghai mchanganyiko huu ni wa siku nyingi. Li Jinhui, mtunzi wa Kichina, alikuwa anaoanisha nyimbo za Kichina na jazi tangu miaka ya 1920, na Buck Clayton, Mmarekani mweusi mpiga tarumbeta, alifika 1934 na bendi yake kwenye ukumbi wa Canidrome. Jamani, zile sahani za santuri! Ninazo nakala chache, nikizisikiliza usiku nasahau kula.

Bi_Mkubwa: Mwanangu, erhu anapiga nani?

Fidla_Ugenini: Mwalimu wangu, shikamoo Bi Mkubwa. Ni mzee wa miaka sabini na kitu.

Bi_Mkubwa: Marahaba. Na yeye anasemaje?

Fidla_Ugenini: Sawa, niseme. Mwezi uliopita nilimrekodi mazoezini. Nimekata vipande vyake nikaviingiza kwenye kinanda, na Ijumaa ndivyo vitakavyopigwa. Mzee nimemwambia apumzike. Habari ya kinanda hajui. Lakini magoti yanamsumbua, ukumbi uko ghorofani, na simu ilikuwa mezani anaiona. Hata huyo Li Jinhui walimtukana kwamba anapotosha watu. Halafu Jumapili mzee alinipa upinde wake, akaniambia nikae nao. Erhu ilibaki mezani. Hiyo si baraka?

FidlaYaTanga: Nimesoma mara mbili, moyo unaniuma. Nilipiga fidla miaka kumi na moja. Kinanda kilipoingia kikundini niliambiwa maneno hayohayo: pumzika kidogo. Siku ya harusi moja nilikuwa nimesimama nje ya turubai, nikasikia sauti ya fidla inatoka ndani, na fidla yangu iko kwapani. Sijawahi kurudi tena.

MpendaSahani: Buck Clayton alivuka bahari akapiga mwenyewe, kwa pumzi yake. Ulichofanya wewe ni kingine.

Kiboko_ya_Chai: Wakuu, hii chai. Upinde wa erhu hautoki. Nywele zake zinapita katikati ya zile nyuzi mbili, upinde na erhu vinakaa pamoja hata kwenye kasha. Huyu kakupaje upinde peke yake? Aliyeanzisha mada hii hajawahi kuishika erhu.

MzeeWaBesi: Kweli kabisa. Mkuu, tujibu.

Fidla_Ugenini: Situngi. Nyuzi zote mbili zilikuwa zimefunguliwa, zimeviringishwa juu ya kitambaa. Nilidhani anaweka mpya.

Kiboko_ya_Chai: Mpya ziliwekwa?

Fidla_Ugenini: Sikuziona. Mpiga guzheng ni mjukuu wake. Nimemuuliza sasa hivi. Anasema alimsikilizisha babu yake rekodi Jumamosi, akidhani anajua.

Kiboko_ya_Chai: Basi niwie radhi, ndugu yangu. Neno la chai nalifuta.

FidlaYaTanga: Mrudishie upinde leo. Usisubiri Ijumaa.

Fidla_Ugenini: Tiketi zimeshauzwa. Na akikubali kupiga, tatizo la sauti liko palepale.

MzeeWaBesi: Mbandikieni maikrofoni ndogo kwenye kisanduku cha erhu, saksafoni inyamaze mpaka amalize beti mbili. Hilo nilishakujibu.

Bi_Mkubwa: Na ngazi zisiwe sababu. Vijana watano mnashindwa kumpandisha mzee mmoja?