Naomba ushauri: mwanafunzi alinisahihisha mbele ya wenzake, nikamsimamisha

Binti Igoma

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni mwanachuo wa ualimu wa mwaka wa tatu hapo Mwanza, masomo yangu ni Jiografia na Kiingereza, na kwa sasa niko Würzburg, Ujerumani, mji wenye undugu na Mwanza tangu mwaka 1966. Nimekuja kwa muhula mmoja, na ndani yake kuna wiki nane za mazoezi ya kufundisha katika shule ambayo sitaitaja.

Nilipangiwa darasa la nane, wanafunzi 26, wanaofundishwa Jiografia kwa Kiingereza. Somo langu la kwanza lilihusu ziwa letu, na andalio la somo nililihangaikia siku mbili nzima. Nilipoandika ubaoni kwamba Ziwa Victoria ni la pili kwa ukubwa duniani, kijana aliyekaa karibu na dirisha alinyoosha kidole. Nikampa nafasi. Akiwa ameketi vilevile, anazungusha kalamu vidoleni, akasema kwamba hiyo si kweli, kwa sababu Bahari ya Kaspi nayo ni ziwa, tena kubwa kuliko yote, kisha linafuata Superior, kwa hiyo la kwetu ni la tatu, isipokuwa kama mwalimu anamaanisha maziwa ya maji yasiyo na chumvi.

Nilimwamuru asimame. Akauliza, "Kwa nini?" Nikikumbuka sasa, hakuuliza kwa jeuri; aliuliza kama mtu anayeulizia njia ya kwenda stendi. Nikarudia amri, akasimama, na nikamwacha hivyo kwa takribani dakika kumi huku darasa zima likiwa kimya, ukimya ambao haukuwa ule wa adabu niliouzoea nyumbani. Mwalimu wangu mlezi, ambaye muda wote alikuwa nyuma akiandika, aliniuliza baadaye jambo moja tu: yule kijana aliadhibiwa kwa kosa gani? Sikuwa na jibu.

Wiki hiyohiyo nilipiga picha ya darasa ili niitume kwenye kundi la familia, nikaambiwa niifute palepale, kwa kuwa wazazi hawakutoa ridhaa. Nimebakiwa na wiki nne. Je, nimwombe radhi mwanafunzi huyu? Na kama ni ndiyo, iwe pembeni au mbele ya wenzake?

Nyegezi Stendi

Pole sana, dada. Nilipitia mazoezi ya aina hiyo katika nchi hiyohiyo, na naomba nikueleze jambo ambalo huenda mlezi wako anadhani unalijua. Kule mchango wa mdomo darasani unahesabiwa katika alama za mwanafunzi. Mtoto anayekaa kimya muhula mzima, hata kama madaftari yake ni safi, anapoteza alama. Kwa hiyo kijana wako hakuwa anakupima kifua. Alikuwa anafanya kazi yake ya shule, na wewe ukamwadhibu kwa kuifanya.

Mwombe radhi mbele ya darasa, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya darasa. Tumia sentensi moja au mbili, kisha sahihisha ubao na uendelee na somo. Ukirefusha maelezo, wataona unatafuta kuhurumiwa.

Na kwa kuwa utaanza kusahihisha kazi zao: alama ya juu kabisa ni 1, na ya chini ni 6. Mimi nilimwandikia binti mmoja 5 pamoja na neno la pongezi, na kesho yake mzazi wake alikuwa ofisini akitaka kujua kama namdhihaki mwanawe.

Mama Kirumba

Mimi nitasema tofauti kidogo, na mnisamehe. Nina wanafunzi 94 katika chumba kimoja na kipindi cha dakika 40. Kila mmoja akinisahihisha kwa nusu dakika, kipindi kimekwisha nami sijafika hata kwenye swali la kwanza. Ukimya mnaousema vibaya ndio unaoniwezesha kufundisha.

Kuhusu kijana, kama alitamka jambo la kweli, basi sahihisha jambo lenyewe, hilo latosha. Mwalimu anayeomba radhi hadharani katika wiki ya nne atazibeba wiki nne zilizobaki kwa shida. Hata hivyo, kumsimamisha dakika kumi kulipita kiasi, hata kwa huku kwetu. Na ukirudi, binti, tafadhali usije ukatuona sisi sote washamba kwa sababu watoto wetu husema "samahani mwalimu" kabla ya kukosoa.

Mzee wa Nansio

Marahaba, binti. Nimestaafu, hivyo nina muda wa kuandika.

Kwanza niwakumbushe walimu vijana kwamba hata hapa nchini adhabu si mali ya kila mwenye chaki. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2002, viboko havizidi vinne, vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake, na vinaandikwa kitabuni. Wengi wetu tulijisahaulisha.

Pili, mimi nilipokuwa kijana nilifundisha hapa kisiwani kwamba sangara ni samaki wa asili wa ziwa hili. Mtoto wa mvuvi akanyoosha mkono, akasema babu yake alivua miaka mingi bila kumjua sangara, na kwamba samaki huyo aliletwa na watu. Nikamwambia akae chini, aache hadithi za babu. Alikuwa sahihi: sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Sikumwomba radhi. Leo mtoto yule ni mtu mzima na anauza samaki mwaloni. Ananiamkia vizuri na kunichagulia sato wanono, ila hajawahi kunibishia tena, hata siku ninapokosea hesabu na kumlipa pungufu.

Binti Igoma

Ahsanteni nyote. Nimefanya jana. Nilisema kwamba alikuwa sahihi, kwamba nilikosea kumsimamisha, na kwamba ninamwomba radhi. Kisha nikaandika ubaoni "la pili kwa maziwa ya maji yasiyo na chumvi". Akatikisa kichwa kukubali. Hakukuwa na makofi wala kicheko, nami nikashukuru kimoyomoyo.

Kisha akanyoosha kidole tena. Alitaka kujua kwa nini ziwa kubwa kiasi hicho lina kina cha mita 80 hivi tu, wakati Tanganyika inafika takribani mita 1,470. Safari hii nilikuwa nimejiandaa: nilichora mikono miwili ya Bonde la Ufa, Tanganyika nikaiweka ndani ya ufa wenyewe, na Victoria nikaitandaza katikati ya mikono hiyo kama uji kwenye sinia. Mlezi wangu aliandika ukurasa mzima, sijui nini.

Mama Kirumba

Bado sijashawishika kuhusu radhi ya hadharani, lakini mfano wa uji kwenye sinia ninauchukua. Kidato cha pili watausikia Jumatatu.

Mzee wa Nansio

Tutumie picha ya ubao huo, binti. Watoto usiwapige, kwa maana zote mbili.