Chembe za nano za kubeba dawa za virusi: tuweke hela, au maji kwanza?

Mwalimu wa Tengeru: Wadau, naanzisha. Virusi huzaliana ndani ya seli, na baadhi ya dawa zake haziyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo mgonjwa anameza dozi kubwa na kinachofika ndani ni kidogo. Watafiti wanajaribu chembe za nano, yaani ndogo mno, za silika, kitu kilekile cha mchanga, zenye vitundu vya nanomita 2 hadi 50 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Dawa inajazwa vitunduni, seli inameza chembe nzima, dawa inaachiwa humo humo ndani. Serikali iweke hela hapahapa Arusha, tusisubiri kuletewa. Mnasemaje?

Kiboriloni Damu: Kodi zetu mkanunulie mchanga? Watu wa Arusha maji yenyewe yamewashinda, meno rangi ya chai, leo mnataka kuingia kwenye seli!

Binti Ngarenanyuki: Hapo kwenye meno umenigusa pabaya. Mwanangu yuko darasa la nne, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Floraidi, hayo madini ya kwenye maji yanayochafua meno, inatoka kwenye miamba ya volkano, hatukuileta sisi. Omba radhi.

Kiboriloni Damu: Mtoto hayumo, samahani kwake. Nyie wakubwa narudia: maji kwanza.

Mzee wa Soweto: Kijana, chujio la maji la nano la Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela, hapo hapo Arusha, si ndilo lilichukua tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Waingereza, 2014 sijui? Linatumia mchanga huohuo unaoudharau.

Binti Ngarenanyuki: 2015, mzee. Asante.

Kijenge Juu: Tuzo siinywi. Ndoo nanunua kila siku.

Kiboriloni Damu: Sisi wa Moshi tunakunywa maji ya Kilimanjaro, matamu.

Binti Ngarenanyuki: Umeanza tena!

Mwalimu wa Tengeru: Jamani, nimeuliza dawa. Na msiseme ni ndoto: chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibebwa na chembe za nano za mafuta.

Mama Wawili: Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu, tunahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU. Kila jioni nasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nakoroga kwenye uji, anakunja uso, nusu anatema kwenye kanga yangu. Halafu nakaa najiuliza kilichobaki tumboni kinatosha? Kama kuna mtu Tengeru anaweza kuifikisha dawa kwa dozi ndogo, mpeni hela. Mimi nimesema.

Mzee wa Soweto: Pole sana mwanangu.

Kijenge Juu: Pole dada. Binti, hilo chujio linauzwa wapi?