Sikio la mpiga mbizi likipasuka ndiyo kuzoea maji?

Mwana Msimbati:
Salaam wanajamvi. Huku kwetu vijana wanaozamia pweza wakati wa bamvua wanalalamika masikio. Wakifika pima mbili hivi yanauma sana, kisha "pwa!", ubaridi unaingia na maumivu yanakata. Wakubwa huwaambia sikio limefunguka, wameshazoea maji. Baadaye wanasikia kama waliofunikwa ndoo kichwani. Mle ndani kunatokea nini hasa?

Nyundo na Fuawe:
Halijafunguka ndugu yangu, limepasuka. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa chenye mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina milimita 3 hivi, hakuna mfupa mdogo zaidi mwilini. Ngoma ikitikisika, mifupa hiyo hupeleka mtikisiko kwenye kidirisha kidogo sana kuliko ngoma yenyewe, kwa hiyo msukumo unakuwa mkali kama mara 20. Lazima iwe hivyo, kwa sababu ng'ambo ya kidirisha ni majimaji, na sauti ya hewani ikigonga maji karibu yote hurudi ilikotoka. Ngoma ikiwa na tundu, nguvu hiyo inapungua. Ndiyo hiyo ndoo.

Pima mbili ni mita 3.6. Hapo hewa ya chumbani imeshasinyaa kwa robo na ushei, ngoma inavutwa ndani. Hewa ya kuijazia hupitia mrija unaotokea nyuma ya pua, nao kwa kawaida umefumba. Hufunguka ukimeza mate au ukipiga miayo. Ukichelewa, shinikizo linaubana kabisa, na kupuliza hakusaidii tena.

Kwa hiyo asingoje maumivu. Abane pua, afumbe mdomo, apulize taratibu akiwa bado juu, kisha kila nusu mita anaposhuka, miguu ikitangulia. Likigoma apande mita moja ajaribu tena. Likigoma tena, atoke. Asipulize kwa nguvu, anaweza kupasua hata utando wa sikio la ndani. Mwenye mafua asizame siku hiyo. Na asizibe sikio kwa pamba yenye nta: hewa iliyonaswa kati ya nta na ngoma nayo inasinyaa.

Tabibu wa Pwani:
Niongeze juu ya huo ubaridi, maana ndio unaoua. Maji ya bahari yakiingia chumbani hupoza mifereji ya mizani, ile ya sikio la ndani inayoshika usawa wa mwili, upande mmoja tu. Kijana anashikwa na kizunguzungu, hajui juu wala chini. Ashike mwamba, atulie mpaka kipite, kisha afuate mapovu yake kwenda juu.

Tundu dogo mara nyingi huziba lenyewe ndani ya wiki 6 hadi 8, sharti sikio libaki kavu. Akioga aweke pamba iliyopakwa vaselini. Mafuta ya nazi asitie kabisa.

Mwana Msimbati:
Shukrani wakuu. Yuko mmoja sikio moja linalia "nziii", leo siku ya pili.

Tabibu wa Pwani:
Afumbe mdomo, agune "mmmm". Mguno ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, tatizo liko kwenye ngoma au mifupa. Ukihamia sikio zima, huenda koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, imeumia, na chembe zake za vinyweleo zikifa hazioti tena. Ila kwa mlio wa siku mbili, mguno wowote utakaotoka, mpelekeni hospitali ya Ligula, pale Mtwara, leo. Dawa ya koklea haingoji wiki.